Deni la Makanisa ya Kibaptisti kwa Watoto na Vijana wa Endebess

Na Mwandishi Wetu wa Trans Nzoia

Endebess ni mji mdogo uliokaa chini ya Mlima Elgon, upande wa kaskazini-magharibi wa Kitale, kando ya barabara iendayo Suam kwenye mpaka wa Uganda. Sifa yake kubwa ni mahindi. Katika mashamba makubwa ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ambalo wenyeji hulijua kwa jina la ADC, hukuzwa mbegu za mahindi zipandwazo na wakulima wa sehemu nyingi za Kenya. Kwa hiyo mtu wa Endebess hana haja ya kufundishwa tofauti iliyopo kati ya mahindi ya kula na mahindi ya mbegu. Ya kula hupandwa popote penye udongo na mvua. Ya mbegu hutengwa mbali na mashamba mengine. Mistari ya mahindi mama hung'olewa maua ya dume kwa mkono, mmea kwa mmea. Kisha hulindwa mpaka yafike ghalani. Kazi hiyo ni ya gharama nyingi, walakini hapana mkulima aionaye kuwa ni hasara. Kila mtu ajua ya kuwa pasipo mbegu njema mwaka huu, hapana mavuno mwaka ujao.

Makala haya yahusu mbegu ya namna nyingine, nayo ni watoto na vijana wa makanisa ya Kibaptisti katika sehemu hizi za Endebess, Kitale na Bungoma. Twataka kuuliza swali moja tu: ni nani apasaye kugharimia mafundisho na malezi yao? Wengi hujibu kwamba ni wazazi. Wengine husema ni mchungaji. Na wako wanaongoja mgeni kutoka ng'ambo aje na vitabu na mpira. Sisi twaona ya kuwa majibu hayo hayatoshi. Katika kanisa la Kibaptisti, kuliko katika makanisa mengine mengi, kazi ya watoto na vijana ni deni la washirika wote. Nasi tutajaribu kuonyesha sababu zake, kisha tuonyeshe jinsi deni hilo linavyoweza kulipwa na watu wa kawaida wenye mashamba madogo na mishahara midogo.

WABAPTISTI KATIKA NCHI HII

Kazi ya Wabaptisti nchini Kenya ilianzishwa 1956 na wamishenari wa Kibaptisti waliotoka kusini mwa Marekani, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kutumika Nijeria. Ni jambo la kupendeza kwamba mwaka huohuo wa 1956 ndipo Kenya Seed Company ilipoanzishwa mjini Kitale, ikianza na mbegu za majani ya malisho kabla ya kuingia katika mbegu za mahindi. Makanisa yalipoongezeka, ulianzishwa muungano wa makanisa ya Kibaptisti ya Kenya, 1971. Mbali na kuhubiri, Wabaptisti walijishughulisha na elimu ya vijana, na shule ya sekondari waliyoianzisha Mombasa yajulikana mpaka leo.

Siku hizi kazi hiyo inaongozwa na Wakenya wenyewe. Hilo ni jambo la heshima, lakini lina maana yake. Mtu akirithi shamba hurithi pia gharama za shamba. Ikiwa zamani kitabu cha mafunzo ya watoto kililetwa na mmishenari katika gari lake, leo hapana budi kitoke katika mfuko wa kanisa la mahali pale.

MTOTO HABATIZWI, BALI HUFUNDISHWA

Msomaji asiye Mbaptisti hana budi kwanza kufahamu jambo hili. Makanisa kadhaa makubwa hubatiza watoto wachanga. Wabaptisti hawafanyi hivyo. Wao huamini ya kuwa ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini kwa moyo wake mwenyewe na kukiri kwa kinywa chake mwenyewe, naye huzamishwa katika maji mengi, iwe mtoni au katika birika lililojengwa kwa kazi hiyo. Mtoto mchanga huletwa mbele ya washirika, mchungaji humwombea na kumweka wakfu, wazazi huahidi kumlea katika njia njema, na washirika nao huitikia ya kuwa watawasaidia. Hapo mtoto hurudishwa nyumbani, na kanisa hungoja.

Kungoja huko ndiko shina la habari yetu. Tangu siku mtoto alipowekwa wakfu mpaka siku atakapoomba mwenyewe kubatizwa, yaweza kupita miaka 10, au 12, au 15. Katika miaka hiyo yote, mtoto yumo kanisani wala hajawa mshirika. Hana sauti katika mkutano, hana jina katika daftari la washirika, wala hashiriki Meza ya Bwana. Ikiwa katika muda huo hakuna mtu anayemfundisha kwa utaratibu, basi kanisa halimngoji mtoto, bali limemsahau. Kusema kwamba mtu atachagua mwenyewe, kisha kumnyima elimu ya kumwezesha kuchagua, si uhuru. Ni sawa na kumpa mtu shamba bila jembe na kumwambia kuwa ana hiari ya kulima.

Liko na jambo la pili. Makanisa yenye maaskofu huwa na mafundisho yaliyopangwa toka juu, na askofu aweza kuandika waraka kuagiza kila parokia ifanye hivi na hivi. Kwa Wabaptisti hapana askofu. Kila kanisa la mahali hujitawala lenyewe, na mambo makubwa, pamoja na matumizi ya fedha, huamuliwa katika mkutano wa washirika. Muungano wa makanisa waweza kushauri, kufundisha na kusaidia, lakini hauwezi kuamrisha. Basi kanisa la kijijini lisipotenga kitu kwa ajili ya watoto, hapana ofisi yoyote huko Nairobi itakayolitengea.

Weka mambo hayo mawili pamoja, nawe utaona deni lilipotoka. Washirika ndio waliosema kwamba mtoto asibatizwe mpaka aelewe. Na washirika ndio wenye ufunguo wa sanduku la fedha. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

SHULE YA JUMAPILI ILIVYOANZA

Wengi hudhani ya kuwa shule ya Jumapili ni desturi ya zamani za Mitume. Sivyo. Shule za namna hii zilienea Uingereza katika karne ya 18, na mtu aliyezipa sifa ni Robert Raikes wa mji wa Gloucester. Huyu hakuwa kasisi, bali alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa na gazeti lake mwenyewe. Aliona watoto wa maskini, ambao siku 6 za juma walifanya kazi katika viwanda vya kutengeneza pini, wakizurura na kufanya fujo siku ya Jumapili. Mwaka 1780 akaajiri walimu wawafundishe watoto hao kusoma, na kitabu cha kusomea kilikuwa Biblia. Akaandika habari hizo katika gazeti lake, na watu wa miji mingine wakaiga.

Mwaka 1785, mfanyabiashara mmoja wa London, William Fox, aliyekuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti, aliunda chama cha kusaidia shule za Jumapili kwa fedha na vitabu. Chama hicho kiliwakusanya watu wa madhehebu mbalimbali, maana Fox hakuona kwamba elimu ya mtoto maskini ni jambo la kugombaniwa.

Habari hizi zina mafundisho mawili kwetu. La kwanza, kazi hii ilianza kwa ajili ya watoto wafanyao kazi, nasi twajua jinsi watoto wa Trans Nzoia wanavyofanya kazi wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna. La pili, waliosimamisha kazi hii walikuwa mpiga chapa na mfanyabiashara, watu wa daftari na hesabu. Karani au mwalimu wa Endebess asiseme kwamba jambo hili ni la wachungaji peke yao.

HALI ILIVYO VIJIJINI

Katika makanisa mengi ya vijijini mambo huwa hivi. Kanisa lina chumba kimoja tu, kuta zake za udongo au mabati. Mahubiri yakianza, watoto huambiwa watoke nje. Kama jua linawaka, hukaa chini ya mti. Kama mvua inanyesha, na mvua za Mlima Elgon hazina mchezo, hujibanza ukutani au hurudi nyumbani. Mtoto wa miaka 3 na mtoto wa miaka 13 huketi katika darasa moja. Mwalimu ni msichana aliyemaliza shule juzi, mwenye moyo mwema, lakini hana kitabu cha mafunzo, hana kalamu za rangi, wala hajapata kufundishwa namna ya kufundisha. Huimbisha nyimbo mpaka sauti ikauke, husimulia habari za Daudi na Goliathi kwa mara ya ishirini, kisha hungoja kengele. Jumapili asipofika, hakuna darasa.

Hatusemi haya ili kuwadharau walimu hao. Kwa kweli wao ndio wanaostahili sifa, maana wamefanya kazi bila jembe. Tunasema ili washirika wajiulize: je, yuko mkulima atakayemtuma kijana shambani mikono mitupu, kisha amlaumu kwa magugu?

Tena liko jambo la lugha. Katika darasa moja la Endebess hukutana watoto wa Kisabaot, wa Kibukusu, wa Kiturkana, wa Kikuyu na wa Kikisii, maana tangu mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya uhuru, watu wa makabila mengi wamekuja kukaa hapa. Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Walakini Biblia ya Kiswahili inayosomwa katika makanisa mengi ni ile ya Muungano iliyochapishwa 1952, na ijapokuwa lugha yake ni nzuri mno, mtoto wa miaka 7 hukwama katika maneno yake. Basi mwalimu hana budi kuisoma mapema, aielewe, kisha aisimulie kwa maneno mepesi. Na pale palipo watoto wa kabila moja, si vibaya kutumia lugha ya mama. Wasabaot, mathalan, wamekuwa na Agano Jipya katika lugha yao tangu 1997.

Mchanganyiko huu wa makabila si jambo dogo. Watu wa Endebess hawajasahau mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992, wala vita vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008, wala machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika nyakati hizo jirani alimkimbia jirani, na waliotumwa kuchoma nyumba wengi wao walikuwa vijana. Mtoto aliyekaa benchi moja na mtoto wa kabila jingine tangu akiwa na miaka 4, wakagawana kalamu na kuimba pamoja, si rahisi kuambiwa na mwanasiasa kwamba mwenzake ni adui. Hatusemi ya kuwa shule ya Jumapili peke yake yaweza kuzuia vita. Twasema ya kuwa ni mahali pamoja kati ya mahali pachache ambapo watoto hawa hukutana bila kushindania alama wala kiti cha udiwani.

UMRI WA HATARI

Watoto wadogo huja kanisani kwa kuwa mama zao huwaleta. Mambo hugeuka mtoto afikapo miaka 13 au 14. Huyu amekuwa mkubwa mno kwa shule ya Jumapili, na mdogo mno kwa mkutano wa washirika. Hapo ndipo wengi hupotea, mmoja mmoja, wala hapana atangazaye kwamba wamepotea.

Kwa wavulana wa Kibukusu, mwezi wa Agosti wa kila mwaka usiogawanyika kwa baki, yaani 2022, 2024, 2026 na kuendelea, ni wakati wa kutahiriwa. Kanisa lisipokuwa na neno la kumwambia kijana kuhusu utu uzima, atalisikia kwa wengine, na si wote wafundishao mema. Yako makanisa nchini ambayo hupanga vijana watahiriwe hospitalini, kisha wakae pamoja kwa siku kadhaa wakifundishwa na wazee wanaoaminika juu ya kazi, adabu, ndoa na afya. Hapo desturi haikutupwa, bali imepewa mwalimu mzuri.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Katika baadhi ya jamaa za mlimani, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka imekuwa wakati wa kukeketwa, na msichana aliyekeketwa mara nyingi huozwa upesi. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji imekuwapo tangu 2011, nayo yahesabu kuwa ni kosa hata kumpeleka msichana nje ya nchi kwa kusudi hilo, jambo la kukumbukwa na watu wakaao karibu na mpaka. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote 2022 ulionyesha kwamba wanawake 15 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa. Miaka minane kabla yake walikuwa 21. Kwa hiyo mabadiliko yanawezekana. Kambi ya wasichana kanisani katika mwezi wa Desemba, penye akina mama wenye busara, si mchezo wa likizo. Kwa msichana mmoja au wawili yaweza kuwa ndiyo ngome yao.

Mfumo mpya wa elimu nao umeleta nafasi. Zamani mtoto alimaliza darasa la 8 akaenda sekondari, mara nyingi shule ya bweni mbali na kwao. Siku hizi huendelea katika shule ya karibu na nyumbani mpaka Gredi ya 9, na wale wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Maana yake ni kwamba kanisa la kijijini limeongezewa mwaka mmoja wa kukaa na kijana katika umri ule ule wa hatari. Itakuwa aibu kubwa mwaka huo ukipita bila faida.

Kisha wako waliomaliza sekondari. Mashamba yamegawanyika, kazi za ofisi ni chache, na kijana huishia kuendesha pikipiki ya abiria au kukaa sokoni. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kaunti ya Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341. Na katika Kenya nzima, watu milioni 35.7, yaani watatu katika kila wanne, walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Kanisa ambalo huwapa vijana kuimba kwaya tu, na kupanga viti siku ya arusi, linawaambia watu watatu katika kila wanne kwamba kazi yao ni kupendeza macho. Kijana hukaa mahali anapotegemewa. Mpe kuandika daftari la mahudhurio, kufundisha darasa la wadogo akiwa chini ya mwalimu mzoefu, kutembelea wagonjwa, na kuketi katika kamati ya fedha akisikiliza na kuuliza. Atakosea mara chache, lakini hatakimbia.

USALAMA WA MTOTO

Kanisa likikusanya watoto limejitwika amana. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa asidhulumiwe, asitelekezwe, wala asitumikishwe kazi ya kumdhuru. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022 zimeeleza adhabu na wajibu. Mlango wa kanisa hauizuii sheria kuingia.

Mwaka 2023 nchi nzima ilishtuka kwa habari za Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako watu walifundishwa kufunga mpaka kufa, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, ikiwamo ya watoto wengi. Watoto hao hawakuchagua mafundisho yale. Tangu hapo mzazi anayeuliza mwanawe anafundishwa nini kanisani hapaswi kuambiwa kwamba hana imani. Ajibiwe vizuri, aonyeshwe kitabu, na akaribishwe kuketi darasani.

Taratibu zenyewe ni chache, wala hazina gharama:

1. Darasa lolote la watoto liwe na watu wazima wawili, wala si mmoja.
2. Mtu mgeni asikabidhiwe watoto mpaka awe amekaa kanisani miezi kadhaa na kujulikana mwenendo wake na kwao alikotoka.
3. Mlango wa darasa uwe wazi, na mtoto asichukuliwe peke yake mahali pa faragha, hata kwa maombi.
4. Katika kambi, wasichana na wavulana walale mbali, na kila upande uwe na walezi wa jinsia yake.
5. Palipo na dalili ya dhuluma, habari ipelekwe kwa Chifu, kwa afisa wa watoto au polisi, au kwa simu 116, ambayo hupigwa bila malipo kwa ajili ya watoto. Wazee wa kanisa wasikae kitako kusuluhisha kosa la jinai kwa mbuzi na msamaha.

Hili la mwisho laumiza wengine, maana twapenda kuficha aibu. Lakini aibu iliyofichwa hukua, na anayeilipia ni mtoto.

HESABU YA DEBE MOJA

Sasa twaja kwenye fedha, ambako mazungumzo mengi hufia. Tufanye hesabu ya mfano, kama tufanyavyo sisi watu wa daftari. Tuchukue kanisa dogo lenye jamaa 40. Wakati wa mavuno, kati ya Oktoba na Desemba, kila jamaa itoe debe moja la mahindi kwa ajili ya watoto na vijana. Debe moja ni kama kilo 18. Debe 5 hujaza gunia la kilo 90. Basi debe 40 ni magunia 8. Tukikadiria bei ya shilingi 3,500 kwa gunia, tumepata shilingi 28,000. Karani, mwalimu au mwenye duka asiye na shamba atoe thamani ya debe lake, yaani shilingi 700.

Shilingi 28,000 si mali nyingi, lakini huyu ndiye ng'ombe wa kwanza zizini. Nusu yake, 14,000, inunue Biblia, vitabu vya mafunzo, madaftari na kalamu. Robo, 7,000, iwe nauli na chakula cha walimu waendapo Kitale au Bungoma kufundishwa. Robo iliyobaki isaidie kambi ya likizo, huku kila mzazi akileta unga, maharagwe na kuni. Makanisa matatu au manne yaliyo karibu yakishirikiana, mwalimu mmoja wa kufundisha walimu aweza kuwahudumia wote, na gharama ikapungua.

Kadhalika vijana wenyewe wasiwe wa kupewa tu. Katika Trans Nzoia ekari moja iliyopandwa mbegu bora, ikatiwa mbolea na kupaliliwa kwa wakati, yaweza kutoa magunia 20 au zaidi. Kanisa likiwakodishia vijana nusu ekari, nao wakalima kwa zamu na kuweka hesabu iliyo wazi, watapata fedha za kambi yao, na juu ya hayo watajifunza kilimo, ushirika na uaminifu. Muhimu ni kwamba daftari lisomwe mbele ya washirika. Fedha za vijana zikiliwa mara moja na mkubwa, itachukua miaka 10 kuwarudisha.

Neno moja zaidi kuhusu matumizi. Kiasi hiki kisiwekwe chini ya maneno "mengineyo" mwishoni mwa makadirio ya mwaka. Kiandikwe juu, kwa jina lake, pamoja na posho ya mchungaji na ukarabati wa paa. Kitu kisicho na jina katika daftari hakina mtu wa kukitetea katika mkutano.

WASEMAO KINYUME

Wako wasemao: mchungaji wetu mwenyewe hana mshahara wa kutosha, tutawapaje watoto? Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini kanisa lisilo na vijana halitakuwa na mtu wa kumlipa mchungaji baada ya miaka 20. Ni mkulima gani atakayekula mbegu kwa sababu ana njaa mwezi wa Februari, kisha atazamie kuvuna?

Wengine husema: kufundisha watoto ni kazi ya wazazi. Ndivyo. Maandiko yasimulia jinsi Timotheo alivyopata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Lakini si kila mtoto ana Loisi nyumbani. Wako yatima, wako wanaolelewa na nyanya aliyechoka, wako ambao baba yao hurudi usiku amelewa. Na hata mzazi mwema hutaka msaada. Washirika waliahidi kusaidia siku ile mtoto alipowekwa wakfu. Hawakuweka sharti kwamba wazazi wawe wakamilifu.

Wengine tena husema: vijana wa siku hizi hawana adabu, simu zimewaharibu. Yawezekana. Lakini Maandiko hayohayo yasimulia habari za Eli, aliyejua maovu ya wanawe wala hakuwazuia, na aliyeulizwa habari zake ni mzee mwenyewe. Kijana asiye na adabu ndiye hasa mwenye haja ya mwalimu. Mwenye afya hapelekwi hospitali.

LA KUFANYA

Makanisa mengi hufanya mkutano wa washirika mwanzoni mwa mwaka kupanga kazi na matumizi. Twawaomba wasomaji wetu walio Wabaptisti, wakulima kwa makarani, wasimame katika mkutano huo na kuuliza maswali matatu kwa upole na kwa heshima. La kwanza: watoto wangapi waliwekwa wakfu katika kanisa hili kwa miaka 10 iliyopita, nao wako wapi leo? La pili: ni shilingi ngapi zilizotumika kwa ajili yao mwaka uliopita? La tatu: ni nani aliye mwalimu wao, naye amefundishwa na nani?

Pengine swali la kwanza litakosa jibu, kwa kuwa hapana aliyeandika. Basi kazi ianze hapo. Nunueni daftari moja, mliandike jina la kila mtoto, mwaka wake wa kuzaliwa, na majina ya wazazi wake. Kila mwaka lisomwe. Mtoto ambaye jina lake limesomwa mbele ya watu wazima hapotei bila mtu kuuliza, na kanisa lililouliza halitakuwa na haja ya kungoja mgeni.